Ukili wa Saba

Hakuna mtu katika Tanga hii anayejua kusema kweli kama mimi, Mwanamkasi binti Hoza. Nimeisema mara tatu tangu nizaliwe, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa na homa.

Ya tatu ndiyo hii ninayoiandika. Niliishia darasa la saba, lakini daftari langu mwalimu alikuwa akiwaonyesha wageni. Basi mwandiko hautakupa tabu. Tabu iko kwenye yaliyoandikwa.

Shemsa alikuja kwangu asubuhi, akanikuta napigana na kunguru. Si kunguru wa nyama. Hawa wa bati, wanaopeleka unga na dawa nyumba kwa nyumba. Mmoja alikuwa amenasa kwenye kamba yangu ya nguo, kanga imemfunika macho, anaomba radhi kwa sauti ya kike: "Samahani mteja, kuna kizuizi. Samahani mteja." Na mimi namchokoa kwa ufagio.

"Shikamoo mama Mkasi."

"Marahaba mwanangu. Hebu mshike mguu huyu, asije akaruka na kanga yangu mji mzima ukajua navaa nini."

Akamshika, akamvua kanga pole pole kama anayemvua mtoto shati, kunguru akashukuru akaenda zake. Shemsa hakucheka. Ndipo nikajua kuna jambo.

Shemsa ni mtoto wa Riziki. Ana miaka arobaini na minane na mvi za kutosha, lakini mtoto wa shoga yako hakui. Riziki ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya Mkufu, kikundi chetu cha taarabu cha wanawake watupu hapa Ngamiani. Mara ya mwisho aliimba alasiri ya Idd Pili, na mimba ya Shemsa ina miezi minane. Siku kumi na moja baadaye akajifungua, na yeye mwenyewe hakuamka.

Sauti yake haikubaki popote. Mwenyewe alikataa. "Sauti si dagaa," alikuwa akisema, "uianike leo uile mwakani." Mlangoni kwa Mkufu palikuwa na kapu kubwa, na kila aliyeingia alitumbukiza simu yake humo, awe mke wa mkuu wa mkoa au muuza visheti. Kwa hiyo anayemjua Riziki akiimba ni aliyekuwepo. Asiyekuwepo amekosa, basi.

"Mama," Shemsa akasema, "nimepata sita."

"Sita wa nini?" nikauliza, na moyo umeshajua.

"Mashahidi, mama. Wa Jamvi."

Ufagio nikauegemeza ukutani. Ulianguka. Nikauegemeza tena.

"Wengine wamekufa au wamesahau. Umebaki wewe tu, mama. Wewe wa saba. Na wimbo wenyewe alikuimbia wewe."

Hapo ndipo nilipaswa kusema. Palikuwa na nafasi ya kutosha kupitisha mkokoteni. Nikasema, "Ngoja nikupikie chai."

*

Nikueleze wewe, kwa kuwa yeye sikumweleza.

Sikuwepo.

Mwenyekiti wetu wa Mkufu alikuwa ameniahidi: mimba ya Riziki ikikua, utasimama wewe. Nikajifunza nyimbo zote kumi na nne. Nikaziimba msalani mpaka mpangaji mwenzangu akahamisha kitanda. Wiki moja kabla ya Idd, Riziki akaja mazoezini, akashika kiuno kwa nyuma kama wanavyoshika wajawazito, akasema, "Mimba iko tumboni, haiko kooni. Naimba mwenyewe." Wenzangu wakapiga vigelegele. Na mimi nikapiga. Changu kikanikwama kama mwiba wa changu.

Siku ya Idd Pili nikaoga, nikajifukiza udi, nikapaka wanja, nikavaa. Kisha nikakaa kitandani. Nikasema moyoni: wakiona sipo watanitumia mtu. Aje anibembeleze kidogo, nikatae, abembeleze tena, niende. Ndivyo tunavyosusa sisi; mtu hususa huku amevaa viatu. Nikangoja. Hakuja mtu. Walikuwa na shughuli, na kila mmoja alidhani nimekaa na mwingine. Kutoka kwangu hadi ukumbini ni mitaa mitatu. Vigelegele nilivisikia. Sauti yake haikunifika.

Msibani, wanawake wamekaa mkekani wanalia, Chausiku mpiga kinanda akanishika bega. "Shoga, angalau alikuaga. Alisema kabla ya wimbo wa mwisho: *huu wa shoga yangu Mkasi, popote alipokaa.* Ulikuwa umekaa wapi? Sikukuona."

Watu wote wakageuka. Maiti ndani. Wewe ungesema nini?

Nikasema, "Nyuma. Mlangoni. Jino lilinivimba, shavu kama andazi, nikajitanda ushungi uso mzima nisionekane."

Wakanihurumia. Uongo ukahurumiwa ukanenepa. Wiki ile ile nikaenda kung'olewa jino, zima kabisa, halina hata tundu, ili ushahidi uwepo. Daktari aliniuliza mara mbili kama nina akili timamu. Tangu hapo nimehadithia onyesho lile harusini, unyagoni, kwenye foleni ya maji. Shemsa nilimhadithia akiwa na miaka mitano, kichwa mapajani pangu namsuka. "Alikutazama mama?" ananiuliza. "Alinitazama." "Akacheka?" "Akacheka mwanangu, tulia, nitakuchoma na kitana."

Tulikosa wote wawili, yeye na mimi. Ila yeye alikuwepo ukumbini, tumboni. Mimi hata huko sikuwepo.

*

Jamvi liko kwenye lililokuwa ghala la katani, karibu na reli. Ukifika asubuhi utakuta watu wazima wamepanga mstari na majuto yao. Siku ile mbele yetu palikuwa na mzee aliyekosa bendi moja ujanani kwa sababu suruali yake iliungua pasi na hakuwa na nyingine. Miaka hamsini anaitafuta ile Jumamosi. Nyuma yake mwanamke aliyenyimwa ruhusa na mume. Mume mwenyewe ndiye aliyemshika mkono kumleta, kazeeka, anatazama chini.

Nilikwenda na Chausiku. Ana miaka themanini na moja, mgongo umepinda, ulimi umenyooka.

"We Mkasi, mbona umenyamaza? Leo ndiyo siku yako ya kutamba."

"Najikusanya."

"Jikusanye vizuri, usijisahau kipande."

Fundi wa Jamvi anaitwa Shekiondo, Msambaa wa makamo, mpole, anafuta mikono yake kila dakika kana kwamba anakwenda kukanda maandazi. Alitukalisha akatueleza, maana sheria inataka shahidi aelezwe kabla hajatoa.

"Mama zangu, mnajua jamvi linavyotengenezwa? Mtu anasuka ukili mmoja mrefu, mwembamba. Halafu mwingine. Halafu kili zinashonwa ubavu kwa ubavu, linapatikana jamvi la kukalia. Mashine hii ni hivyo hivyo. Kila aliyekuwepo ana ukili wake kichwani: aliyoyaona, aliyoyasikia, kutoka pale alipokaa. Sisi tunautoa. Tukipata saba tunashona, na mtu anaweza kukaa humo kama aliyehudhuria. Anaweza hata kuhama kiti. Ukikaa penye kiti cha shahidi, unaona kwa macho ya shahidi yule."

"Na sita?" nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Sita halishiki, mama. Linaachia katikati. Tulijaribu mwaka juzi. Yule bwana alikaa humo akatoka anasema mwimbaji hakuwa na mdomo."

Chausiku akasema, "Na mtu akishatoa?"

Shekiondo akafuta mikono. "Hapo ndipo penye uzito. Ukitoa umetoa. Kwako kunabaki kama ndoto ya juzi. Unajua uliota, hujui nini. Na haurudiwi mara ya pili. Halafu ukili ukishatoka una siku saba. Usiposhonwa unanyauka, wa kutupa."

"Wa kwanza ulitoka lini?"

"Jumatano. Yule bibi wa Chumbageni, alitoa akiwa kitandani kwake." Akahesabu kwa kidole. "Leo ya sita."

Ndiyo kusema, kesho jua likizama, ukili wa yule bibi umekwisha, na yeye hana tena wa kutoa, na wenzake wanne hawana. Wameshajivua. Na mtu wa saba katika dunia nzima ni mimi niliyekuwa kitandani na wanja machoni.

Chausiku akasimama, akanipa mkoba wake nimshikie. Nikamvuta kanga.

"Shoga. Hutaki kubaki nayo? Ndiyo pekee uliyonayo ya Riziki."

Akanitazama kama ninamuuliza kama anataka kubaki na vumbi. "Miaka arobaini na minane naisikiliza peke yangu, kila nikikanda mkate. Nimeshiba. Na mtoto hajaonja." Akaingia.

Alitoka baada ya saa nzima, anatembea kama mtu aliyeshuka kwenye gari akakuta si mji wake. Akaketi. Akachukua mkoba. Akaniuliza, "Kinanda nilipiga mimi, eti?"

"Wewe, shoga."

"Nilipiga vizuri?"

Sikuwepo, nakwambia. Nikasema, "Ulipiga mpaka watu wakavua viatu."

Akatabasamu. Nami nikaona, Mungu anisamehe, jinsi ilivyo rahisi.

*

Nilijaribu kusema kweli. Niandikie hilo upande wangu.

Shekiondo ananivisha ile kofia, imesukwa kwa nyaya, kama kifumbu cha kuchujia nazi, nikamwambia, "Fundi, na mtu akikumbuka visivyo?"

"Kila mtu anakumbuka visivyo, mama. Mmoja ataona gauni la kijani, mwingine la buluu. Kili zikigombana, wengi wanashinda."

"Na mtu akitunga?"

Akacheka kidogo. "Hao nawajua. Uongo ni safi mno. Mtu anayetunga onyesho anatunga muziki tu. Hakumbuki kuwashwa, hakumbuki njaa. Mashine inatafuta taka, mama. Ukili usio na taka naukataa."

Mlango ukafunguliwa kidogo, Shemsa akachungulia. Alikuwa amebeba kikombe cha kahawa ya tangawizi, na uso wake ule, wa mama yake ule ule, paji pana. "Nimekuletea mama. Nilijua utaogopa. Mimi pia naogopa." Akakiweka kwenye meza. Akanibusu mkono. "Hata wakisema wengine walikuwepo, wewe ndiye aliyemtazama. Nitakuja kukaa na wewe pale mlangoni, umesikia? Kwanza nitakaa mbele nimwone, halafu nakuja kwako."

Akatoka.

Sasa niambie wewe msomaji uliyeenda shule kuliko mimi. Nikisema kweli, mtoto huyu anakosa mama yake kesho jua likizama, na wanawake sita wamejivua bure. Nikisema uongo, anampata, na kiraka kimoja pembeni, mlangoni, gizani, nani atakiona? Nilijiambia ni kwa ajili yake. Lakini sheria ya Jamvi ni kwamba mwenye jamvi akitoka, mashahidi nao huingia kukaa. Na mimi nilitaka kukaa. Nilitaka kumsikia akinitaja. Miaka yote ile nimelisimulia jina langu kinywani mwake na sijapata kulisikia. Ukinipima kwa mizani ya haki, sijui ni upande upi uliokuwa mzito. Nadhani ni huu wa pili.

Nikanywa kahawa. Nikasema, "Fundi, washa."

Taka anataka? Taka ninazo.

Mwaka mmoja kabla, kwa ajili ya Idd ile nyingine, tulifanya mazoezi ya mwisho kwenye ukumbi ule ule. Nilichelewa, na Riziki alikuwa na adhabu yake: aliyechelewa anakaa benchi la mlangoni, haruhusiwi kuimba, anatazama tu. Nilikaa. Benchi lilikuwa na sisimizi. Jirani anakaanga mihogo, na mimi nina njaa, na haja ndogo imenibana, na naona haya kutoka mara ya pili. Riziki akaimba *Kisima cha Jirani*, ule ule aliokuja kuufanya wimbo wa mwisho wa Idd Pili, mwanzo mpaka mwisho, na gauni lile lile la kijani la Mkufu, maana miaka ile vitambaa vilikuwa adimu, sare moja ilivaliwa Idd zote. Alipofika pale pa *ndoo yangu ya zamani haijavuja hata tone*, akainua mkono wa kushoto, akanitazama mimi pale mlangoni, akacheka.

Hiyo ni ya kweli. Hiyo ndiyo niliyonayo ya Riziki, yangu mwenyewe, isiyo ya kuhadithiwa.

Nikaichukua kama fundi anavyochukua kitambaa cha gauni moja akashonea jingine. Viti vitupu sikuvitazama. Nikajua wenzangu sita watavijaza watu. Sikumsikiliza mwenyekiti akikohoa na kusema turudie. Nikashika katikati tu: mlango, sisimizi, mihogo, mkono unainuka. Kichwani kwangu kikapita kitu kama maji ya barafu, kuanzia sikio hadi sikio, na sisimizi wakaniuma kweli, miaka arobaini na tisa baadaye, nikajikuna paja mbele ya mwanamume.

Taa ikawaka kijani.

Shekiondo aliusoma ukili wangu kwa muda mrefu. Nikaona jasho linanitoka kwenye kile kifumbu. Kisha akageuka, macho yamelowa.

"Mama," akasema, "wengine wananiletea hariri. Wewe umeniletea sisimizi. Hii ni ya kweli."

Nikatoka nje nikatafuta kile kicheko cha Riziki kichwani mwangu, kama unavyotafuta kwa ulimi jino lisilokuwepo. Hakikuwapo.

*

Lilishonwa usiku kucha, mashine yenyewe, bila mtu. Kesho yake baada ya adhuhuri tukaitwa. Shemsa alivaa nguo mpya. Alitia wanja, akaupangusa, akatia tena.

"Kama naenda kuolewa," akasema.

"Afadhali," Chausiku akasema. "Huku hakuna mama mkwe."

Akacheka, akaingia peke yake, mlango ukafungwa.

Sisi tukakaa kwenye benchi la nje, mimi na Chausiku. Viatu nilishavivua, nimevipanga ukutani, maana zamu yetu ilikuwa inafuata na kwenye Jamvi huingii na viatu. Nilijipaka hina vidoleni. Bibi wa miaka sabini na minne, na hina, kama mwari.

"Nikimtafuta kichwani," Chausiku akasema, "namwona kama mtu anapita dirishani. Naona kitambaa tu. Lakini sijutii. Wewe umebakiwa na nini?"

"Sina kitu," nikasema. Naomba izingatiwe kwamba hiyo ilikuwa kweli.

"Pole shoga. Wewe umetoa kikubwa kuliko sisi. Alikuimbia wewe."

Nikatazama reli. Paliwahi kupita treni ya abiria hapo. Nikamwambia Chausiku habari za treni hiyo, ndefu, asinitazame.

Alasiri mlango ukafunguka. Shemsa akatoka, na macho yamevimba, na uso unang'aa kama umefutwa kwa ndimu. Akamkumbatia Chausiku kwanza. Akamshika shavu. "Ulipiga kinanda mpaka nikasahau kupumua." Chausiku akalia kwa sauti, bila haya, kama mtoto aliyesifiwa na mwalimu.

Kisha akanigeukia. Akachuchumaa mbele yangu, akaweka mikono yake juu ya magoti yangu.

"Amekutaja, mama."

"Amenitaja?"

"*Huu wa shoga yangu Mkasi, popote alipokaa.* Amesema hivyo hivyo. Halafu akaangaza ukumbi mzima. Safu kwa safu. Akanyamaza, watu wakadhani amesahau maneno. Alikuwa anakutafuta."

Nikaficha vidole vyangu vya hina kwenye kanga.

"Hebu niambie na wewe," akasema, taratibu. "Niambie ulivyomwona. Nataka kusikia kinywani mwako mara moja tena, kama zamani."

Nilikuwa nimehadithia mara mia nne. Kinywa kilifunguka chenyewe. Nikamwambia mkono wa kushoto ulivyoinuka. Nikamwambia ile ndoo isiyovuja, jinsi alivyoivuta sauti pale mpaka mkaanga mihogo akaacha kukaanga. Nikamwambia kicheko. Kicheko chenyewe sikuwa nacho tena, nikatia cha kubuni. Naye anaitikia kwa kichwa, anaitikia, na mimi nikaona napendwa, nikakolea.

"Na gauni?" akauliza. "Gauni lilimkaa vipi?"

"Gauni? Mwanangu! Lilimkaa kama limemwagwa juu yake. La kijani, limembana hapa, akigeuka kiuno chote unakiona, chembamba, unaweza kukishika kwa..."

Viganja vyangu vilikuwa hewani, vimeonyesha ukubwa wa kiuno cha Riziki. Vimebaki hapo hapo.

Chausiku aliacha kulia.

"Kwa viganja viwili," Shemsa akamalizia. Hakuondoa mikono yake magotini pangu. "Ndivyo nilivyomwona na mimi, nilipokuja kukaa na wewe mlangoni kama nilivyokuahidi. Sisimizi wakaniuma. Harufu ya mihogo. Nikanyanyua macho nimtazame mama, na mama mwembamba kama binti."

"Toka mlangoni ni mbali, mwanangu," nikasema. "Na watu walikuwa wamesimama, na mimi macho yangu, unajua tena..."

"Ulikuwa na miaka ishirini na sita."

"Hata hivyo ni mbali."

"Mbali humfanya mtu aonekane mdogo, mama Mkasi. Hakumzalishi." Vidole vyake vikanibana magoti. "Nilihama viti vyote. Kwa Bi Chausiku, tumbo la mama linagusa kinanda. Kwa yule bibi wa Chumbageni, mama ameliwekea mkono, analipapasa wimbo mzima. Kwa watu sita, nipo. Nikaja kwako wewe, uliyenisuka, uliyenihadithia. Nikamtazama kutoka kwenye kiti chako, na mimi simo."

Ndani, Shekiondo aliita jina langu kwa sauti ya heshima, kwamba zamu ya mashahidi imefika, karibuni.

Shemsa hakunyanyuka.

"Alikuwa anakutafuta safu kwa safu," akasema. "Ulikuwa wapi?"